Besi Ambayo Angeifikia

Ishara ya kwanza niliyofundishwa ilikuwa ya mkono wa kushoto. Unaunyoosha pembeni, usawa wa bega, vidole vimekunjwa ngumi, halafu unaendelea kuutazama mchezo. Hupulizi filimbi, humsimamishi mtu, humnyooshei mtu kidole. Watazamaji wengi hawauoni mkono huo kwa sababu macho yao yako kwenye mpira. Maana yake ni kwamba umeona mtu akizuiwa njia, na hesabu yake utaifanya mpira ukishatulia.

Nimechezesha softiboli kwa misimu miwili sasa, katika ligi ya wanafunzi ya chuo ninakosomea shahada ya uzamili, huku Ohio. Sikuja Marekani kwa ajili hiyo. Viza ya mwanafunzi inaniruhusu kufanya kazi chuoni saa 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea, na kazi za maktaba zilikuwa zimeshachukuliwa na waliofika mapema. Nikaenda ofisi ya michezo kuomba kuwa refa wa kandanda, mchezo ninaoujua. Nafasi zimejaa. Wakaniuliza kama najua softiboli. Nikasema naijua. Nilichokijua ni raunda, ule mchezo wa wasichana wa shule ya msingi kwetu Voi, ambao nilizoea kuutazama nikiwa nimekalia mkoba wa dadangu, nikimngoja turudi nyumbani.

Lakini kwa kweli haikuwa mbali sana. Kuna besi nne zilizopangwa kama almasi, kila moja futi 60 hadi 70 kutoka mwenzake kutegemea aina ya softiboli mnayocheza. Mpigaji anapiga mpira kwa gongo, anakimbia besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na akirudi alikoanzia timu yake inapata alama. Walinzi wametawanyika uwanjani wakiutafuta mpira. Mkimbiaji akiguswa kwa mpira akiwa hajakanyaga besi, ametolewa. Aliyecheza raunda hahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Kinachohitaji maelezo ni ile ngumi.

Kanuni inasema mlinzi hana haki ya kusimama kwenye njia ya mkimbiaji isipokuwa ana mpira mkononi, au yuko katika tendo la kuuokota mpira uliopigwa. Zamani kulikuwa na ruhusa nyingine: mlinzi anayekaribia kupokea mpira uliorushwa aliweza kukaa njiani. Katika kanuni za USA Softball ruhusa hiyo iliondolewa. Kwa hiyo leo mlinzi anayeungojea mpira, mikono imefunguka, mguu umeziba besi, huku mkimbiaji akilazimika kupunguza mwendo au kumzunguka, anatenda kosa hata kama mpira uko hewani hatua mbili kutoka kwenye glavu yake. Wala si lazima wagongane. Kumfanya mtu asite kunatosha.

Mzee aliyetufundisha, mwalimu mstaafu aliyechezesha kwa miaka mingi, alitukataza neno moja: makusudi. Kila mmoja wetu aliyeuliza, "Na kama hakukusudia?" aliambiwa arudi nyuma ya mstari aanze upya. Alisema sisi si mahakama ya nia. Mlinzi anaweza kuwa malaika, anaweza kuwa ameteleza, anaweza kuwa amelala kifudifudi akiugulia goti. Swali ni moja tu: bila yeye hapo, yule mwingine angefika wapi?

Na huko, popote utakapoamua ni wapi, ndiko unakompeleka mkimbiaji. Hakuna kadi ya njano, wala mlinzi hatolewi uwanjani, wala timu yake haikatwi alama. Wakati mchezo ukiendelea, mkimbiaji aliyezuiwa analindwa: hawezi kutolewa kati ya zile besi mbili alimozuiwa, isipokuwa naye afanye kosa lake mwenyewe. Mpira ukitulia, mwamuzi anampa besi ambayo angeifikia. Inaweza kuwa moja mbele, inaweza kuwa mbili. Inaweza pia kuwa ileile aliyotoka, ikiwa mwamuzi anaona kwamba hata njia ingekuwa nyeupe asingefika. Katika besiboli, binamu mkubwa wa mchezo huu, kuna hali ambapo aliyezuiwa anapata angalau besi moja mbele bila mjadala. Softiboli haina zawadi hiyo. Yote yako kichwani mwa mwamuzi.

Mimi nilitoka kwenye kandanda, ambako kosa lina adhabu na adhabu ina rangi. Ilinichukua muda kuona jinsi jambo hili lilivyo geni. Mwamuzi wa kandanda anaulizwa kilichotokea. Anaweza kukosea, lakini kitu kilitokea, na kamera ikiwapo tutakiona. Mimi naulizwa kuhusu kitu ambacho hakikutokea, nikieleze kwa usahihi wa futi 60.

Tukio maarufu kuliko yote la namna hii lilitokea kwenye besiboli, usiku wa tarehe 26 Oktoba 2013, St. Louis, mechi ya tatu ya fainali za World Series. Cardinals na Red Sox wako sare, 4 kwa 4, mwisho wa awamu ya tisa. Mdakaji wa Boston, Jarrod Saltalamacchia, anarusha mpira besi ya tatu kumkamata Allen Craig. Mpira unapita. Will Middlebrooks, mlinzi wa besi ile, amejirusha kuufuata na sasa amelala chini. Craig anainuka, anaanza kukimbilia nyumbani, anajikwaa juu ya Middlebrooks, anainuka tena, anachechemea. Mpira unarudi kutoka mbali na kufika kabla yake. Anaguswa. Kwa macho ya kila mtu uwanjani, ametolewa. Lakini nyuma kule, mwamuzi wa besi ya tatu, Jim Joyce, alikuwa ameshaonyesha kizuizi, na mwenzake wa nyumbani, Dana DeMuth, akatoa ishara ya salama huku akinyoosha kidole kuelekea besi ya tatu. Mechi ikaisha hapohapo, 5 kwa 4.

Nimeitazama video ile mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mwenye tasnifu ya kuandika. Middlebrooks angefanya nini? Alijirusha kufuata mpira, ndiyo kazi yake, na mvutano wa dunia ukamweka pale. Mashabiki wa Boston waliuliza swali hilo kwa miezi. Jibu la kanuni ni baridi: hakuna aliyesema angefanya kingine. Hakuna aliyemwita mkorofi. Ilisemwa tu kwamba Craig alikuwa na njia, na njia hiyo ilikuwa na mtu ndani yake. (Boston walitwaa ubingwa ule hata hivyo, kwa hiyo tusiwahurumie sana.)

Joyce huyohuyo, miaka mitatu nyuma, tarehe 2 Juni 2010 kule Detroit, alimnyima Armando Galarraga mchezo mkamilifu. Wapigaji 26 walikuwa wametolewa mfululizo, na wa 27 Joyce alimwita salama besi ya kwanza wakati hakuwa salama. Alipoiona video baada ya mechi alikiri amekosea, akamwomba radhi Galarraga. Hilo lilikuwa kosa la macho, na video ililimaliza. Huwa nawaza kuhusu uamuzi wa 2013 kwa upande huo. Kama angekuwa amekosea kuhusu ni wapi Craig angefika, ni video ipi ingemwonyesha?

Sasa niseme la kwangu.

Ilikuwa Alhamisi jioni, mwishoni mwa Septemba, taa za uwanja zimewashwa. Mimi nilikuwa mwamuzi wa besi. Wanafunzi wa uuguzi dhidi ya wanafunzi wa uhandisi, awamu ya sita, uuguzi wako nyuma kwa alama moja. Msichana mmoja mrefu akapiga mpira ukapita katikati ya walinzi wawili wa nyuma. Akaja mbio besi ya kwanza, akaikanyaga kona ya ndani kama inavyotakiwa, akaanza kugeukia ya pili. Mlinzi wa besi ya kwanza, kijana mpole ambaye hata jina langu alikuwa akilitamka vizuri, alikuwa amesimama hatua mbili mbele ya besi, mdomo wazi, akiushangaa mpira ulikokwenda. Akamgonga begani. Akayumba, akajishika, akapiga hatua mbili kuelekea besi ya pili, akainua macho akaona mpira umeshaokotwa, akasimama. Akarudi ya kwanza.

Ngumi yangu ilikuwa juu tangu bega lilipogusana na bega. Mpira ukarushwa hadi besi ya pili, ukatulia kwenye glavu. Mchezo ukafa. Ikawa zamu yangu.

Nina kama sekunde mbili. Ninajiuliza: alikuwa na mwendo gani alipofika ya kwanza? Mzuri. Mpira ulikuwa wapi wakati ule? Bado unabingirika. Aliyeuokota ana mkono wenye nguvu? Ndiyo, nilishauona awamu ya tatu. Mpira ulifika besi ya pili lini? Nikijaribu kumweka pale kichwani mwangu, msichana bila bega lile, namwona anafika sawasawa na mpira. Au nusu hatua kabla. Au nusu hatua baada. Picha ilikuwa ikitikisika, na kila ilipotikisika niliona kitu kimoja tu kilichosimama imara: yeye, amesimama juu ya besi ya kwanza.

Nikashusha mkono. Abaki ya kwanza.

Hakupiga kelele. Alinisogelea akauliza kwa nini. Nikamwambia, "Ulisimama mwenyewe."

Akasema, "Nilisimama kwa sababu alikuwa hapo."

Kapteni wao alikuja pia, lakini alijua hana pa kwenda. Uamuzi wa mwamuzi kuhusu alichokiona hauwezi kukatiwa rufaa. Unaweza kulalamikia kanuni iliyotumika vibaya, na lazima ulalamike kabla ya mpira unaofuata kurushwa, ukisharushwa, imepita. Mpira ukarushwa. Mpigaji aliyefuata akapiga wa kumpeleka yule msichana besi ya tatu, na huko ndiko alikobaki awamu ilipokwisha. Walifungwa kwa alama moja. Wakapeana mikono, wakaenda kula piza, na nadhani kufikia Ijumaa mimi ndiye niliyekuwa nikilifikiria peke yangu.

Kilichonisumbua si kwamba pengine nilikosea futi tatu. Nilisumbuliwa na sababu niliyoitoa. Kanuni haikuniuliza kama alisimama. Iliniuliza angefika wapi kama asingezuiwa, na kusimama kwake kulikuwa sehemu ya kuzuiwa kwake. Nilichukua jeraha nikalitumia kama ushahidi dhidi ya aliyejeruhiwa.

Halafu kuna hili. Wakati anasimama, msichana yule alikuwa salama kabisa. Ngumi ilikuwa juu. Kati ya besi ya kwanza na ya pili hakuna ambaye angeweza kumtoa. Angekimbia tu hata kwa kuchechemea kama Craig, akaguswa hatua moja kabla ya besi ya pili, ningepiga kelele mpira umekufa na ningempa besi ya pili bila kusita, kwa sababu hatua moja ningeiona, na bega lile lilikuwa na thamani ya hatua tatu. Kwa kurudi alinichukulia kipimo changu. Na hakujua. Mimi nilikuwa nyuma yake. Ngumi yenyewe hakuiona, na hata angeiona sidhani angeielewa. Alikuwa amejiunga na timu wiki tatu kabla kwa sababu walipungukiwa na mtu.

Wanaojua wanakimbia. Katika ligi yetu kuna wasichana waliocheza softiboli tangu wana miaka minane, na hao ukiwagusa kidogo tu njiani wanaongeza mwendo, wengine wanaparamia besi ambayo mtu mwenye akili timamu asingeijaribu, kisha wanageuka kunitazama mimi. Wanajua hawana cha kupoteza. Kanuni inayosema haijali nani ni nani, ikifika kwenye macho yangu, inampa zaidi yule aliyelelewa akijua kwamba kuna mtu nyuma yake amenyoosha mkono.

Darasani tunalisoma jambo hili kwa majina makubwa. Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, anamlinganisha hakimu na mtu mwenye mstari uliokatwa visivyo sawa: anachukua kile kipande kilichozidi upande mmoja na kukirudisha upande wa pili. Robert Nozick, ambaye hakuwa mtu wa kugawa mali ya watu ovyo, aliandika mwaka 1974 kwamba dhuluma za zamani zirekebishwe kwa kukadiria mambo yangekuwaje kama dhuluma isingetokea. Ni ngumi ya mkono wa kushoto hiyo, imevaa suti. Kisha mwaka 1992 Jeremy Waldron akauliza swali ambalo mimi nililipata uwanjani nikiwa na vumbi kwenye viatu: ikiwa kilichofuata kilitegemea uchaguzi wa mtu, unakadiria vipi ambacho mtu huru angechagua? Hakuna ukweli uliofichwa mahali ukikungoja. Na mambo yakisonga, anasema, hata haki yenyewe inaweza kubadilika.

Nilimwelewa Waldron vizuri sana kwenye karatasi. Nilipata alama nzuri. Tatizo ni kwamba yale maneno niliyomwambia msichana wa uuguzi sikuyatunga jioni ile. Nilikuwa nimeyasema kwa miaka, kuhusu mtu mwingine.

Januari 2012 nilipata nafasi ya kidato cha kwanza katika shule ya bweni, mbali na nyumbani. Dadangu alikuwa anaingia kidato cha tatu katika shule ya kutwa. Serikali ilikuwa ikilipia masomo ya sekondari ya kutwa tangu 2008, lakini chakula cha mchana, sare, na ile michango isiyoisha vilibaki juu ya mzazi, na karo ya bweni ndiyo kabisa. Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la katani. Tulikaa chini ya mwembe jioni moja, baba akahesabu kwa sauti, na hesabu ikakataa. Hakuna aliyesema dada aache shule. Baba alisema, "Apumzike mwaka mmoja, tujipange." Kesho yake dada mwenyewe akasema amechoka na masomo, hesabu inamshinda, afadhali aende Mombasa kwa shangazi akasaidie kazi. Alisema akiwa anaosha vyombo, bila kugeuka.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, na watu huuliza, mbona dadako hakumaliza, nimekuwa nikijibu: aliacha mwenyewe.

Sikuwa nimekusudia chochote. Nilikuwa na miaka 14, nimenunuliwa sanduku la bati la bluu, nina furaha mpaka usingizi hauji. Kama kuna mlinzi asiye na mpira aliyewahi kusimama njiani mdomo wazi akishangaa, ndiye mimi. Mwaka mmoja ukawa miwili. Kufikia wakati nafanya mtihani wa kidato cha nne, dada ana mtoto na yuko Voi, amepata cherehani, anashona sare za shule.

Najua pingamizi zote, nimefundishwa kuzitengeneza. Ni karo iliyomzuia, ni umaskini, ni katani, ni utaratibu mzima unaomwomba kibarua achague kati ya watoto wake. Kweli. Lakini yule mwalimu mstaafu alituambia tusitafute mwenye hatia. Ukitafuta mwenye hatia unaishia kumtazama mlinzi, unamwona mpole, unamsamehe, na ukishamsamehe unasahau kumpa mkimbiaji besi yake. Nimeliona hilo likitokea kwetu sebuleni. Tumemsamehe baba, tukanisamehe mimi, tukaisamehe serikali, kisha kila mtu akanywa chai.

Lingine ni kwamba dada alikuwa na mbio. Nalisema kwa sababu linanichoma. Katika raunda hakuna aliyemweza shuleni kwetu. Alifika mashindano ya wilaya. Alikuwa akipita kituo cha pili huku akitazama nyuma, anacheka.

Nilimpigia simu Jumapili baada ya mechi ile. Tulizungumza Kidawida kama kawaida, kukiwa na mlio wa cherehani nyuma yake, maana hasimami kwa ajili ya simu. Nikamweleza mchezo mzima, yule kijana, bega, hatua mbili, mpira, uamuzi wangu. Aliuliza maswali mazuri kuliko niliyoulizwa kwenye mtihani wa urefa. Mpira ulipita upande gani? Alimgonga kabla au baada ya kukanyaga besi? Aliporudi, alirudi mbio au pole pole?

Kisha akasema, "Ungempa ya pili."

"Kwa nini?"

"Si umesema alipiga hatua mbili? Baada ya kugongwa. Mtu asiyetaka kwenda hapigi hatua mbili. Zile hatua ndizo zake. Kurudi ni kwa yule kijana."

Nilinyamaza. Hatua zile nilikuwa nimeziona. Nilimsimulia mimi mwenyewe, lakini sikuwa nimezihesabu kama kitu.

Nikamwuliza, bila kujiandaa, "Na wewe dada? Ule mwaka wa Mombasa. Ungefika wapi?"

Cherehani iliendelea kwa muda. Nilidhani hakunisikia. Akaniambia kwamba hesabu ilikuwa ikimshinda kweli, nisifikiri alidanganya, na kwamba pengine angepata alama ya C, pengine angepata mimba palepale shuleni kama wenzake wawili, nani ajuaye, nisianze kumtengenezea udaktari. Akacheka. Halafu akasema, "Ila ule Desemba nilikuwa nimeteremsha pindo la sketi yangu ya shule. Nilikuwa nimerefuka. Nililiteremsha kwa mkono usiku, mama akiwa amelala, niwe tayari Januari."

Sikuwa nimewahi kulisikia hilo. Nikajaribu kusema kitu kuhusu mtihani wa watahiniwa wa kibinafsi, kwamba inawezekana bado, kuna watu wa umri wake wanafanya, ningelipia mimi. Aliniacha nimalize. Akasema ana miaka 30 na mtoto anayetaka kulala, na huo mpira umesharushwa zamani. Hakusema hivyo kwa uchungu. Alikuwa akitumia kanuni niliyomfundisha robo saa iliyopita.

"Wanakulipa ngapi kwa mechi moja?" akauliza.

Nikamwambia. Akabadilisha kichwani kuwa shilingi, haraka, huyo ambaye hesabu ilimshinda. Kisha mteja akaingia dukani, nikasikia wakisalimiana, na simu ikakatwa.

Usiku, kwangu ikiwa bado jioni, ukaingia ujumbe. Hakuna salamu. Picha ya mashine ya ovaloki, ya mtumba, imepigwa dukani kwa mtu, na chini yake bei. Na chini ya bei: "Hii ndiyo."

Nilifungua ratiba ya ligi nikahesabu mechi zilizobaki kabla ya baridi kuanza. Kumi na moja, mvua isiponyesha. Hazitoshi. Nikaandikia ofisi ya michezo kuuliza kama mpira wa wavu wa ndani unahitaji waamuzi.